Malalamiko Dhidi ya Mume wa Bati

Kwa Mkuu wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

KUHUSU: KUDAI SEHEMU YA PILI YA KISA CHA MUME WA BATI ILI MKE WANGU ARUDI NYUMBANI

Habari za kazi, na poleni kwa majukumu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, mmeshiba, na mnaishi na wake zenu nyumba moja. Mimi mwili hauna neno. Hilo la kuishi na mke nyumba moja ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi wa friji. Karakana yangu iko mbele, chumba cha kulala kiko nyuma, na katikati kuna sebule yenye televisheni ambayo mpaka majuzi haikuwahi kumkosea mtu adabu. Mke wangu anakaa mapokezi ya zahanati. Tangu Jumapili ile mlipoonyesha kisa cha mume wa bati katika kipindi chenu cha katuni kiitwacho Kesho Kutwa, yuko kwa dada yake mkubwa, mtaa wa pili, yeye na begi lake. Simlaumu yeye. Simlaumu shemeji pia, ingawa nafasi ya kumlaumu ipo na ni kubwa. Nawalaumu ninyi.

Lakini mimi ni mtu wa haki. Mteja akiniletea friji mbovu, sianzi na ubovu. Kwanza naangalia kinachofanya kazi: taa inawaka? Mlango unashika? Ndipo nageukia ugonjwa. Kwa hiyo nanyi nitaanza na mazuri yenu, msije mkasema mtaani kwamba fundi ana chuki.

Visa vyenu ni vifupi. Kabla mtu hajachoka, kimekwisha. Hili nawapa kwa moyo mmoja, maana kituo cha jirani yenu kina tamthilia ambayo mgonjwa wake alizirai mke wangu akiwa bado mchumba, na mpaka leo hajafumbua macho wala hajazikwa. Pia waliotia sauti za Kiswahili wanajua kazi. Yule roboti wa kituo cha mafuta kule angani alikuwa anajibu watu kama karani anayesubiri muda wa kutoka, nikacheka mpaka bisibisi ikanidondoka. Halafu kuna kisa cha mfagiaji wa chombo cha anga. Yule mama aliyebaki peke yake, anafagia vumbi la nyota, hakuna neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho, ufagio tu. Ndugu, mimi huongea hata na mitungi ya gesi, lakini siku hiyo nilinyamaza. Machozi yalinitoka. Nilimwambia mke wangu ni moshi wa kuchomelea, naye akaniambia hakuna mtu aliyechomelea chochote tangu asubuhi.

Sifa zimeisha. Sasa ugonjwa.

1. Kila Jumapili mnaleta watu wapya. Mnanijulisha kwa mtu, namjua jina, najua kinachomkosesha usingizi, namzoea. Wiki inayofuata hayupo, wala hakuna anayesema amekwenda wapi. Hata mgeni mwenye haraka huaga. Yule dada mliyemwacha kwenye sayari ya barafu na mbuzi wake wa nyaya, je, aliokolewa? Mbuzi alipata chaji? Nilimwuliza jirani yangu, mwalimu mstaafu tunayemwita Ushahidi kwa kuwa haamini kitu mpaka akiguse, akanieleza kwa upole kwamba huo ni mkusanyiko, kila kisa kinajitegemea. Nikamwambia hata rafu za friji kila moja inajitegemea, lakini zote ziko ndani ya friji moja, na maziwa ya juu yakimwagika nyama ya chini inajua. Akavua miwani akaifuta. Nadhani nilimshinda.

2. Uchoraji. Wiki hii watu wanafanana na watu kabisa, mpaka vitundu vya pua unaviona. Wiki ijayo hawana pua. Kuna kisa kimoja watu wote walikuwa wa udongo na wanaacha alama za vidole kila wanapogusana. Mke wangu anasema huo ndio utamu wenyewe, kila mchoraji na mkono wake, na kwamba kile cha udongo ndicho kizuri kuliko vyote. Mimi nikasema, je, nikimrudishia mteja friji wiki hii ina mlango na wiki ijayo haina, niseme ni sanaa? Akasema mbona nimewahi kufanya hivyo. Naandika jibu hilo hapa kwa uchungu, ili muone kwamba kipindi chenu kilianza kumfundisha mke wangu kunijibu mapema kabisa.

3. Kesho yenu haina ndugu. Nimeangalia visa vyote, na nimetafuta kwa makusudi: sijaona shangazi hata mmoja. Hakuna mjomba, hakuna wakwe, hakuna binamu wa kuja kukaa siku mbili akakaa mwaka. Mtu anatolewa kichwa chake, kinafungwa juu ya mashine ya kuchimba mawe, na hakuna mtu wa ukoo anayekuja kuuliza kulikoni! Mtu anaingia kwenye chombo cha anga kilichojaa watu, hapigi hodi, hasalimii, anauliza injini iko wapi. Mimi mteja akiingia hivyo kwangu, friji yake itapona mwaka kesho.

Na mbona mvua haikatiki? Kila mji wa kesho ni mvua, giza, na taa inayopepesa. Yaani wameweza kufika kwenye nyota, wakashindwa kubadilisha balbu? Kama fundi naomba mniambie pia nani anazihudumia hizo mashine zenu. Mume wa bati, ile mashine yenye sura ya mume, alifanya kazi mle nyumbani muda wote ule, hakupulizwa vumbi, hakukazwa hata skrubu moja. Feni yangu mwenyewe hainipi wiki bila kulalamika. Huo ni uongo wa kitaalamu, na unawafanya wateja watudharau.

4. Mlitangaza kwamba ni katuni. Nikawaita watoto wa jirani waje kutazama, nikawakalisha mkekani kwa heshima zote. Dakika si nyingi, humo kwenye katuni, pasi ya nguo ikamla fundi cherehani. Mama yao sasa akinikuta njiani anahamia upande wa pili, na friji yake nimeiona kwa macho yangu inapelekwa kwa fundi mwingine, yule anayefunga waya kwa gundi.

5. Hili ndilo lenyewe.

Kwa kuwa mna visa vingi na huenda mmesahau, nawakumbusha. Mume mmoja anapelekwa kufanya kazi mwezini. Kampuni yake, ili mkewe asipweke, inamletea mashine yenye sura ya mume, sauti ya mume, hata kikohozi cha mume. Mashine inaosha vyombo. Kila jioni inavuta kiti, inamwuliza mama siku yake ilikuwaje, halafu inasubiri jibu. Miezi inakwenda. Siku ambayo mume anarudi, mashine nayo ilikuwa inarudi kutoka dukani. Wanakutana mlangoni: sura moja, sauti moja, begi moja. Wote wanasema, ni mimi, fungua. Mama yuko ndani, mkono umeshika komeo. Anawasikiliza wote wawili.

Giza! Majina yanaanza kupanda.

Nyumbani kwangu majina yakianza tu, televisheni inazimwa. Hatuna undugu na hao watu. Nikazima, nikamgeukia mke wangu, na kwa mazungumzo ya kawaida tu ya mtu na mkewe nikamwuliza: ungekuwa wewe, ungemfungulia yupi?

Ndugu Mkuu, swali hilo halihitaji kufikiri. Kila mume anayesoma barua hii anajua jibu linatakiwa lije upesi kiasi gani. Mke wangu akatazama dirishani. Akakuna shingo. Halafu akaniuliza ni yupi kati yao aliyekuwa anaosha vyombo.

Nikamwambia vyombo havihusiki. Akasema vinahusika. Nikamwambia mashine haina roho. Akasema haina, ila ilikuwa inauliza siku yake ilikuwaje, tena inasubiri ajibiwe. Nikamwambia inasubiri kwa sababu haina kazi nyingine ya kufanya, mimi nina kompresa tatu za friji hapo nje zinaningoja. Hapo akasimama. Akasema mambo mengine ambayo hayahusiani na malalamiko haya. Nilipokuja kuinua kichwa, begi lilikuwa mlangoni na yeye anavaa viatu.

Sasa ninyi mngeonyesha tu dakika moja zaidi! Komeo linavutwa, mume wa kweli anaingia, wa bati anarudishwa kiwandani, watu wanalala. Mke wangu angeona mfano mwema na asingekuna shingo. Badala yake mlimwachia swali, naye akaondoka nalo kama alivyoondoka na pasi yetu ya umeme.

Nyumba imekuwa kubwa, ndugu yangu. Nasema ukweli. Napika, nakula nikiwa nimesimama, naongea na kompresa nayo inanikoromea. Jana nilimwita mke wangu kwa jina lake nimwonyeshe friji ambayo panya wametengeneza nyumba nyuma yake, mke na mume na watoto, wametulia kabisa. Nikakumbuka hayupo. Nikawaacha panya wakae.

6. Madhara kwa biashara. Shemeji ni msusi. Nadhani sihitaji kuongeza neno, lakini nitaongeza. Kisa hicho sasa kimesukwa kwenye vichwa vya mtaa mzima. Wanawake wakija na friji, kabla hawajaniambia haigandishi au inavuja, wananiuliza kama naosha vyombo. Mmoja aliniachia friji yenye kikombe kichafu ndani. Nilipompigia simu kumwambia kasahau kikombe, akasema hakusahau, alitaka aone. Juzi hata Ushahidi, mwanamume mwenzangu, mtu mzima mwenye miwani, ameniuliza mara ya mwisho kumwuliza mke wangu siku yake ilikuwaje ni lini. Nikamwambia aje na ushahidi kwamba sijawahi. Akasema ushahidi uko mtaa wa pili, na begi.

Kutokana na hayo yote, nadai kama ifuatavyo.

Mtengeneze sehemu ya pili ya kisa hicho mara moja, na mama amfungulie mume wa kweli bila kuuliza maswali. Awe anatabasamu. Wakati anafungua aseme kwa sauti ya kusikika, hasa na mtu aliye mapokezi au saluni, kwamba mume ni mume hata akiacha sufuria kwenye sinki. Chini ya picha mpitishe maandishi kwamba kisa hiki hakikumlenga fundi yeyote wa friji. Mume wa bati aonyeshwe ameharibika kwa kukosa matengenezo, na aonekane akitengenezwa na fundi mwenye sura ya heshima, mrefu kiasi, mwenye kipara kinachoanza. Kama mnakosa mtu wa kumchora, nitakuja mwenyewe nikae mnichore, na kama mnakosa sauti, ninayo.

Aidha, mkurugenzi wenu aende kwa shemeji, mlango wa bluu, amwambie kwamba kosa ni la kituo. Aende asubuhi kabla saluni haijajaa, na akubali kukaa kwenye kile kiti kifupi anachosukia wateja. Akimkatiza shemeji akiwa anaongea, nitakuwa siko tayari kuwajibika kwa kitakachompata.

Mkishindwa haya, basi mniletee hiyo mashine yenyewe nyumbani, ya kwangu, yenye sura ya mke wangu. Nilifikiria sana dai hili na nusura nilifute, maana sijui ningeiambia nini. Lakini limebaki, ili mjue nimefika wapi.

Nasubiri majibu yenu kabla ya Jumapili. Wasalimieni wahariri, watia sauti, mlinzi wa getini, na yule mama wa taarifa ya hali ya hewa ambaye hajawahi kupatia lakini ana heshima. Mfikishieni salamu pia yule mfagiaji wa chombo cha anga, popote mlipomtupa.

Wenu katika upweke usiokuwa wa lazima,

Fundi wa Friji,
mume wa kweli.

Nyongeza: Baada ya kutia saini niliona barua yenye saini moja ni nyepesi, ninyi watu wa ofisi mnaweza kuitupa. Nikaamua mke wangu atie saini kama mlalamikaji wa pili. Nikavaa shati safi, nikaenda kwa shemeji nikiwa na barua na kalamu mkononi, nikabisha.

Hawakufungua. Nilisikia ndala zinakuja, zikasimama. Sauti ya mke wangu ikauliza ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza, wewe yupi? Nikaanza kumsomea hoja ya kwanza. Akanikatiza. Akauliza, siku ile naondoka nilikwambia nini?

Ndugu Mkuu, nilijaribu. Nilipekua kichwa chote kama mtu anayepekua kopo la skrubu. Nikafikiria kudanganya, nikaona nitakosea zaidi. Nikasema kweli: sikumbuki, mama, nilikuwa chini ya kochi natafuta betri ya rimoti.

Halafu nikasikia mtu anacheka, huyo ni shemeji. Halafu mwingine, kile kicheko cha mke wangu ambacho huishia na kwikwi. Komeo likavutwa.

Nilikalishwa kwenye kile kiti kifupi nikaonyeshwa. Mlikuwa mmerudia kisa chenu katikati ya wiki, na kwa shemeji hakuna anayeinuka kuzima televisheni kwa sababu mikono yote imo kwenye nywele. Shemeji alikuwa amekirekodi kwenye simu, kama anavyorekodi visa vyenu vyote. Majina yakapanda yote, mpaka ya madereva. Na baada ya majina kisa kikaendelea! Mama yule hakuvuta komeo. Anawauliza wale wawili mlangoni, siku unasafiri nilikwambia nini? Wa kwanza anajibu neno kwa neno, hata pale alipomeza mate anapataja. Wa pili anakuna kichwa, anasema hakumbuki, alikuwa anatafuta kiatu cha pili. Mama akamfungulia huyo.

Mke wangu anasema ndivyo wanavyojulikana wa kweli. Nilimwuliza kama hiyo ni sifa, shemeji akajibu kwa niaba yake kwamba si sifa. Tumeangalia na vile vingine kwenye simu hiyo hiyo: kumbe kila kisa kina mkia baada ya majina, na mbuzi wa nyaya alipata chaji. Kwa hiyo hoja ya kwanza naiondoa. Ya tano naiondoa. Ya sita haina pa kusimama. Sehemu ya pili msihangaike, mlishaitengeneza, nami ndiye niliyekuwa naizima kila Jumapili. Hoja ya tatu inabaki: leteni shangazi.

Mke wangu hakutia saini. Kasema niitume hivi hivi, mpate cha kucheka kazini. Begi nimelibeba mimi mpaka nyumbani. Njiani akanirudia alichosema siku ile: kwamba kutwa nzima anawauliza watu wanaumwa wapi, na akirudi hakuna anayemwuliza yeye, na kwamba imemchosha. Tulipofika nikavuta kiti nikamwuliza. Jibu lilikuwa refu, taarifa ya habari ikaanza na ikaisha, kuna mteja alipiga hodi karakana akachoka akaenda zake. Sikuinuka.